Punguza Mwendo!

Mavis Ogden alijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo na kukiuma kwa meno yote, yale ya Mungu na yale ya daktari. Nje ya dirisha, boti ya kijani ilikuwa inampita bila kupunguza mwendo hata kidogo, tena karibu mno, angeweza kuichuna rangi kwa kucha.

"Sisemi," alijiambia. "Leo sisemi kitu."

Kwa miaka tisa boti yake ya kuishi, aliyoiita Haraka ya Nini, ilikuwa imefungwa ukingoni mwa mfereji pale pale, na kwa miaka tisa hakuna aliyepita bila kukaripiwa. Sheria ya mfereji inajulikana: ukiipita boti iliyofungwa, nenda taratibu kama unampita mtoto aliyelala, la sivyo mawimbi yako yatavuta kamba za mwenzio na kung'oa vigingi vyake. Mavis aliisimamia sheria hiyo kwa sauti iliyosikika mpaka kanisani. "Punguza mwendo! Unawahi mazishi yako?" Watu waliokodi boti kwa ajili ya likizo walirudi kwao na hadithi zake. Mchungaji mmoja alilia.

Ndipo Jumatatu akaja Clive Rudge, mwenyekiti wa wenye boti, amevaa kofia ya unahodha ambayo hakuna aliyempa.

"Mavis, malalamiko yamefika kumi na saba. Ukimpigia mtu kelele tena, mmoja tu, utahama."

"Kwa hiyo wao wanimwagie chai, mimi nichekelee?"

"Chekelea, bibi wee. Au kunywa hiyo chai mapema."

Kuhama maana yake ni kutangatanga. Kwa sheria, kila baada ya siku kumi na nne unang'oa vigingi, unatafuta pengine pa kufunga boti, hujui bomba la maji liko wapi wala pa kumwaga kisanduku cha choo ni umbali gani. Kwa nyonga yake ile mbovu, kubeba kisanduku kilichojaa maili nzima kulikuwa kifo, tena kifo chenye harufu. Mavis aliogopa kweli kweli. Akakaa siku tatu kimya, mpaka majirani wakaja kuuliza kama ni mzima.

Wapitaji nao wakajipa raha. Leo asubuhi peke yake boti mbili zilipita mbio, vikombe vikagongana kwenye kulabu. Alitoka na nyundo akavigonga vigingi mara mbili tatu, mvua na upepo vikamfukuza, akasema atamalizia baada ya chai. Akafunga pazia la upande wa njia ya ukingoni, maana wenye kutembeza mbwa hupenda kuchungulia nyumba za watu, akaketi kwenye dirisha la upande wa maji. Paka wake, Biskuti, alikwenda mlangoni ili arukie ukingoni kama kawaida yake, akatazama chini, akarudi kulala mbele ya jiko la makaa.

"Hata wewe mvua inakushinda?" Mavis alimcheka.

Na sasa hii ya kijani! Kwenye usukani hakukuwa na mtu. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, anakula mkate wa nyama. Alipomwona Mavis akainuka, mdomo umejaa, akapunga mikono na kusema maneno ambayo kioo kiliyazuia.

"Ananicheka," Mavis alimwambia paka. "Wameshaambiana kwamba nimefungwa mdomo."

Boti ya kijani ikaisha, ikaja ya buluu. Hii nayo haikuwa na mshika usukani. Mwanamke mmoja alikuwa mlangoni anamenya viazi, na alipomwona Mavis akapiga ukelele, akamnyooshea kisu. Mavis hakuamini macho yake. Yaani siku hizi anayepita ndiye anayemkaripia aliyefungwa! Akanywa chai kwa uchungu. Jambo la ajabu, haikuwa imemwagika hata tone, wala mlio wa injini haukusikika. Hizo ndizo injini zao mpya za umeme, aliwaza, wanakunyemelea kama wezi wa kuku.

Kitambaa cha vyombo kilikuwa kimeanza kuchanika. Akakumbuka kisanduku cha choo, akakiuma tena.

Mvua ilikuwa imekatika ilipokuja ya tatu, nyekundu. Juu ya paa mtu alikuwa amepiga magoti, mgongo kwa Mavis, anapaka rangi. Boti inakwenda, yeye anapaka rangi! Hapo subira ikamwishia. Alijua kwamba mdomo huponza kichwa, lakini mkono ulikwishafungua dirisha, na karipio la siku tatu likatoka kwa mkupuo.

"Punguza mwendo, mwendawazimu wee! Huoni boti za watu zimefungwa?"

Yule mtu aligeuka polepole, brashi mkononi, kofia ya unahodha kichwani. Alikuwa Clive Rudge.

Miaka tisa, bomba la maji la karibu, vitunguu alivyopanda ukingoni, vyote vimekwenda kwa karipio moja.

Lakini Clive hakufoka. Alisimama, akaanza kutembea juu ya paa lake, hatua kwa hatua, ili wasiachane.

"Mavis," alisema, "mimi nimefunga boti hapa mbele ya baa tangu wiki iliyopita. Injini yangu iko kwa fundi."

Akafika mwisho wa paa, akasimama, akampungia brashi.

"Na nilisema ukipiga kelele utahama. Sikusema uhame kwanza, ndipo upige kelele!"