Mabingobingo ya Ndezi

Ndezi alikuwa mchoyo. Kinamasi kizima kilijaa mabingobingo, yale majani marefu yenye pingili kama za muwa, naye alisema yote ni yake kwa kuwa alizaliwa humo. Siku moja akaja Nyati mzee, mbavu nje, amechoka hata kufukuza nzi.

"Mjukuu wangu, nigawie kidogo."

"Shikamoo, babu. Hapa yamekwisha. Yanamea kule kilimani," alisema Ndezi, mdomo umejaa. Akamtupia mashina matupu aliyokwisha kuyanyofoa majani. "Haya, chukua ukapande." Akacheka.

Nyati hakuwa na nguvu za kubishana. Aliyabeba mpaka kilimani, akayaangusha kwenye tope la chemchemi, akayakanyaga bila kujua, akalala. Mvua iliponyesha, kila pingili ikachipua.

Mwaka uliofuata kinamasi kilikauka. Ndezi akapanda kilima kwa kujikokota, akakuta mabingobingo yamefunga kama msitu, na Nyati amelala kando.

"Babu, nisamehe."

"Ingia ule. Nimechoka hata kukasirika."

Ndezi akaingia, akala mpaka tumbo likamuuma. Jioni akaja Digidigi, miguu ikimtetemeka, akauliza kama angepata majani. Kabla Nyati hajajibu, sauti ikatoka humo ndani:

"Hapa yamekwisha. Yanamea kilima kile cha pili."

Nyati akashusha pumzi, akainuka kwa shida.

"Njoo, mwanangu," akamwambia Digidigi. "Tuanze kula pale sauti ilipotokea."