Uzoefu wa Baharini

Kaluki alikuwa amezamisha kichwa ndani ya karai, akihesabu. Alifika kumi na tatu, akaibuka akikohoa kama mbuzi mwenye mafua.

"Hayo maji nilichotea ng'ombe," mamake akasema.

"Mwaitu, najifunza bahari!"

"Na ng'ombe wanywe nini, digrii?"

Kijiji chote cha Mbumbuni kilikuwa kimeshasikia habari. Kaluki amegundua mzunguko mkubwa wa maji katikati ya bahari, chini kabisa, kwa kuketi tu mbele ya kompyuta! Setilaiti hupima joto la maji ya juu. Mahali fulani palikuwa pamepoa nusu digrii, basi yeye akasema hapo chini kuna kitu kinazunguka. Alitangaza sokoni, akatangaza kanisani saa ya ushuhuda, watu wakasema amina bila kujua wanaitikia nini.

Sasa meli inaenda kuhakikisha, na jina lake liko kwa orodha. Shida ni ile fomu ya kuomba nafasi melini. Waliuliza uzoefu wake wa baharini, akaandika "mwingi." Ukweli ni kwamba mji wa Mwingi ndio mbali zaidi amewahi kufika. Bahari anaijua kwa rangi za ramani tu: nyekundu ni joto, bluu ni baridi.

Tena msafara unaongozwa na Daktari Nthiwa, yule mama mkali wa kusema asiyejua bahari asiguse ramani zake. Kazi ya Mombasa ikitokea, yeye hutuma wasaidizi. Ana shughuli kubwa zaidi ofisini. Lakini safari hii wafadhili walikataa, lazima apande mwenyewe.

Jumatatu Kaluki akaenda ofisini kwa Daktari, Kitui. Afadhali afukuzwe hapa kuliko alie mbele ya mabaharia.

"Daktari, nilidanganya kwa fomu. Sijawahi kuona bahari, hata kwa mbali. Mto Athi wenyewe navuka nikishikwa mkono. Nitoe tu kwa orodha."

 Daktari akainuka, akafunga mlango, akachungulia dirishani kama mtu anayeogopa majirani.

"Keti, mwanangu. Afadhali tuwe wawili." Akasogeza kiti karibu, akanong'ona: "Sasa niambie ulivyosikia kwa watu. Hiyo bahari huwa na kelele?"