Begi Moja, Watu Wawili

Begi lilikuwa moja, na ndani ya gari walikuwemo wawili. Zipu yake ilikufa zamani, kwa hiyo lilifungwa kwa kipande cha kitambaa cha sare, likalazwa kiti cha nyuma. Kila gari lilipovuka tuta, lilidunda kama mtu wa tatu anayesinzia.

Mume alishika usukani. Mke alitazama dirishani. Minazi iliwasindikiza kwa kitambo, ikapungua, ikabaki mmoja mmoja kama wageni wa mwisho kwenye shughuli, kisha haikuonekana tena.

Wiki ile neno lilikuwa limetamkwa mezani, juu ya sahani ambazo hazijaondolewa: mtu arudishwe kwao, kwa heshima, mchana kweupe, wazee wajue. Hapakuwa na tusi wala kofi. Ndiyo maana lilikuwa zito. Ugomvi wa kelele una pa kuushikia. Huu haukuwa napo.

Mjini mume aliitwa Fundi Barafu, maana hapakuwa na friji la muuza samaki ambalo alishindwa kulifufua. Sokoni alikuwa mcheshi, watu walimgombania. Nyumbani alivua viatu na ulimi pamoja. Mke alishona sare za shule chumba cha mbele, na kwa muda mrefu sasa aliyekuwa akimjibu ni cherehani.

Lakini upenyo ulikuwepo bado. Mke aliuweka moyoni: kabla hatujafika lango la msitu, akisema tu "turudi", tutarudi, na sitamuuliza la jana wala la juzi. Neno moja. Hata akilisema kwa kununa.

Chini ya mlima walisimama kunywa chai. Fundi alishuka, na mara madereva wa malori waliojikunyata kwenye makoti wakawa wanacheka naye na kumpigapiga mabegani.

"Huko pwani baridi hii nawauzia watu kwa bei," alikuwa akiwaambia. "Nyinyi mnapewa bure, na bado mmenuna."

Mke naye alicheka, peke yake ndani ya gari. Kisha akaona haya, kama mtu aliyecheka maneno ya wapangaji wa chumba cha pili.

Muuza chai, mama wa makamo, alimletea kikombe dirishani. Akachungulia kiti cha nyuma, akachungulia uso.

"Begi moja, watu wawili, na sura kama hiyo. Mdogo wangu, unarudishwa?"

"Chai yako ina tangawizi nzuri, dada."

"Tangawizi haijibu swali." Akaegemea mlango. "Haya, usinijibu. Ila usilie mbele yake. Wanaume hawa ukilia wanaongeza mwendo."

"Silii."

"Hapo ndipo unaponitisha."

Fundi akarudi, akafunga mlango, na kicheko kikabaki nje na madereva.

Barabara ikaanza kujikunja. Masikio yaliziba. Miti ilisogeleana pande zote mbili mpaka ikaifunga mbingu, matawi yake yakining'iniza ndevu za kijani zinazodondosha maji. Ukungu ulishuka, ikabidi taa ziwashwe mchana ule ule. Mume aliteremsha kioo, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayekata kiu. Mke alitetemeka. Hakuwa na nguo nzito hata moja.

Bila kumtazama, mume alivua koti lake, mkono mmoja baada ya mwingine, usukani akiubana kwa mapaja, akamtupia.

Mke akalidaka. Akajifunika taratibu, asije akaivunja ile hali. Aliona midomo ya mumewe ikifunguka.

"Mbele kuna kona mbaya," mume akasema.

"Ehee."

Akangoja yaliyobaki. Kona ikaja, ikapita. Ikaja nyingine. Mume alikuwa akiangalia barabara tu.

Langoni, askari wa msitu aliinua nguzo iliyoziba njia. "Karibuni nyumbani," akasema, kama anavyomwambia kila apitaye. Mume akampungia mkono. Mke alifumba macho, akayafumbua aliposikia nguzo ikiangukia mahali pake nyuma yao. Hapo akajua kwamba hakuna tena la kungoja.

Nyumba ilikuwa ya mbao, pembeni kabisa ya miti, moshi ukitoka jikoni. Mama alikuwa mlangoni akichambua mboga. Alipowaona alinyanyuka, mboga zote zikamwagika miguuni. Alimkumbatia mke kwanza, akamshika hivyo kwa muda.

"Mwanangu, umekonda. Na mbona hamkusema mnakuja? Sijapika kitu cha maana."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho ya mama yalikuwa yameshapita begani kwake, yakatua kwa mume, ambaye alisimama na begi mkononi akitazama viatu vyake. Mama alikuwa mtu mzima. Hakuuliza la pili.

Mke akapiga goti kwenye majani yenye maji, akaishika mikono ya mama.

"Mama, siku ya harusi uliniambia nikishindwa nisimtupe barabarani, nimrudishe kwa aliyemzaa. Sikumnyima chakula, sikumvunjia heshima. Nimeshindwa. Mwanao huyu hapa, na nguo zake nimezifua zote."

Kisha akasimama, akamnyooshea mumewe mkono wa kupokea funguo za gari.