Watoto Wenye Ndevu

Watoto wote wanane walikuwa na ndevu, na kwa Nerida Trewin hilo lilitosha.

Alisimama kwenye geti la Alwyn Pascoe, nje kidogo ya mji wa Castlemaine, ufunguo wa gari bado mkononi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa jaji wa maonyesho ya mbwa, mbwa wa pudo tu, wale wa manyoya ya kujisokota. Mfugaji wa pudo anayejiheshimu humnyoa mtoto uso akiwa na wiki nne, ukabaki mtupu kama kiganja. Hawa walikuwa na wiki nane, na walikuwa mipira ya manyoya ya rangi ya malai, hata macho hayaonekani. Katikati ya uwanja, juani, alilala jike la labrada, mbwa mnene wa manyoya mafupi.

"Huyo ndiye mama yao?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekuja na mumewe kutoka Melbourne.

"Ndiye," alijibu Alwyn bila kuinua uso.

"Afadhali. Sisi tunataka labradudo, chotara wa labrada na pudo. Pudo mtupu hapana, mzee. Wale wana maringo, kama wanangoja uwafungulie mlango."

"Nitembee na kitu kile barabarani?" alidakia mumewe. "Wenzangu wa mpira watanicheka mpaka nihame mtaa!"

Wakacheka. Alwyn naye akacheka. Nerida hakucheka.

Glenys, marehemu mke wa Alwyn, alifuga pudo kwa miaka arobaini. Siku zake za mwisho alimshika Nerida mkono akamwahidi: jike la kwanza atakalozaa Odette ni lako. Odette alikuwa bingwa wa jimbo, na jike la mwisho la ukoo ule. Nyumbani kwa Nerida alikuwa amebaki dume mmoja, Ambrose, wa miaka tisa, ambaye muda wake wa kuzalisha ulikuwa ukingoni. Wafugaji wengine wote aliowajua walikuwa wameacha kazi, au wameuza majike yao kwa watu wa machotara. Bila binti wa Odette, kazi yote ya Glenys ingeishia hapo.

"Odette yuko wapi?" aliuliza.

"Bandani. Leo hajatulia."

Kweli, mlio mwembamba ulikuwa ukitoka bandani. Watoto watatu waliukimbilia mlango wakaukwaruza. Mwingine alimnusa labrada tumboni. Labrada akamkoromea na kugeukia upande wa pili.

"Hata umama hana," alisema Nerida. "Glenys angekuona leo, Alwyn!"

"Glenys angenielewa."

"Usilitaje jina lake."

"Shemeji, Jumatatu naingia nyumba ya wazee. Mbwa hawaruhusiwi. Asiyepata kwao kabla ya hapo atachomwa sindano ya kifo. Ungetaka nifanyeje?"

Alwyn aliinama, akamnyanyua mtoto mmoja mwenye uzi mwekundu shingoni. Uzi mwekundu ulikuwa wa Glenys. Katika kila uzao alimfunga nao jike aliye bora kuliko wote, na mkono mwingine haukuruhusiwa kuugusa. Kuuona kwenye shingo ya chotara kulimchoma Nerida kama tusi.

"Wenzake wote daktari ameshawafunga kizazi," alisema Alwyn kwa sauti ya chini. "Huyu sikumgusa. Nimekuwekea wewe." Akatupa jicho kwa wale wageni, kisha akamkonyeza. "Mtazame vizuri, jaji."

Na dhihaka juu yake! Nerida alimtazama, akaona ndevu. Tangu machotara waanze kupendwa, alikuwa ameapa mbele ya wanachama wenzake wa chama cha pudo kwamba chotara yeyote atakayepita mikononi mwake hatazaa.

"Mlete," alisema. "Najua la kufanya naye."

Macho ya mzee yakalowa. "Nilijua utajua." Akamtilia bahasha mfukoni mwa koti. "Fungua ukifika nyumbani."

Nerida aliitupa kwenye kiti cha gari. Alipokuwa akiligeuza, alimwona labrada akiinuka, akijipenyeza chini ya uzio na kuingia kwa jirani bila kutazama nyuma. Hata mbwa wake anamwonea haya, aliwaza.

Saa tisa alasiri, daktari wa mifugo waliyezoeana naye miaka mingi alimlaza mtoto mezani.

"Una hakika, Nerida? Ana umbo zuri huyu."

"Chotara ni chotara. Mfunge kizazi."

Jioni, jikoni kwake, mtoto alilala juu ya taulo, dawa bado haijamtoka. Mate yalikuwa yamezilowesha zile ndevu zikagandamana. Nerida hakuwahi kuvumilia mbwa mwenye ndevu ndani ya nyumba yake. Alichukua mashine ya kunyolea, akaipitisha shavuni taratibu, jinsi alivyowanyoa mamia kabla yake.

Pua ikatokeza, ndefu, nyembamba. Kidevu. Macho ya umbo la lozi.

Mashine ikasimama. Uso huo alikuwa ameuvisha utepe wa buluu wa ushindi kwa mikono yake mwenyewe, mara tatu.

Alitoka mpaka kwenye gari bila viatu. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha ukoo. Mama: Odette. Baba: pudo bingwa kutoka Tasmania. Chini yake, mwandiko wa Alwyn:

"Nisamehe kwa ule uongo mbele ya wageni. Nilitangaza pudo wiki tano, simu haikulia. Nilipoazima labrada wa jirani, saba waliwekewa oda kwa siku moja. Odette hatazaa tena. Huyu azae na Ambrose."