Matembezi ya Thelujini

Tangu wamzike mtoto wao, Sikudhani alikuwa halii wala hazungumzi sana. Daktari alishauri mazoezi mepesi, ndipo mumewe, Nasoro, akaazima viatu vya kutembelea thelujini, vipana kama nyungo, akampeleka kwenye uwanda ulio nyuma ya mji. Akapiga magoti, akamfunga kamba za viatu.

"Tanua miguu kidogo, usije ukajikwaa. Ukichoka uniambie."

Sikudhani aliitikia kwa kichwa. Akatembea kwa sababu ameambiwa atembee. Hakusikia baridi, wala hakuona uzuri wowote. Nasoro alitangulia, akimgeukia na kumsifia kwa uchangamfu, mpaka kiatu chake kimoja kilipokanyaga kingine, akaanguka kifudifudi.

Hakuinuka.

"Umeumia?" Sikudhani akauliza.

"Hapana." Mabega yake yalikuwa yakitikisika. "Nimechoka, Siku. Hata mimi nilikuwa baba yake."

Moyoni mwa Sikudhani mlikuwa kimya, kama hapo uwandani. Akamnyooshea fimbo yake ya kutembelea. Nasoro akaishika ncha. Alipoivuta, Sikudhani naye akaanza kuteleza, lakini hakuiachia.