Uzi Mwekundu

Niliingia kortini kukwepa jua tu, nikamkuta Zeituni kizimbani. Alianza na mitumba soko la Kibuye, akapanda hadi duka lenye madirisha ya vioo, akiwauzia wakubwa wa Kisumu suti mpya za Italia. Sasa ameshtakiwa kwa udanganyifu.

Shahidi alikuwa fundi wake. "Mheshimiwa, ni mitumba tu. Lebo ya Italia nilishona mimi, hapa ndani kando ya mfuko, kwa uzi mwekundu. Mweusi uliniishia."

Watu wakacheka. Zeituni hakucheka. Alikuwa akitazama mkono wa hakimu, uliokuwa ukifunua koti lake polepole.

Hakimu akachungulia ndani. Akafunga vifungo vyote, na joto lile.

"Hiyo yako ni orijino, Mheshimiwa," Zeituni akasema, kabla ya kuulizwa.