Karatasi za Kwenye Printa

Karatasi nne za muundo wa skrini zilikuwa kwenye printa, bado zina joto, na hazikuwa zake. Mgeni alizisoma akiwa amesimama, akatazama huku na huku, kisha akazikunja na kuzitia ndani ya shati.

Ofisini walimwita Mgeni kwa sababu alikuwa na miezi mitatu tu, yote ya majaribio, na leo ilikuwa siku ya mwisho. Bosi angechagua muundo mpya wa skrini za mfumo wa zahanati. Wa Mgeni ukikataliwa, anafungasha virago, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mpinzani wake alikuwa Mama Mfumo, aliyeutunza mfumo huo miaka kumi na moja. Karatasi zilikuwa zake. Hakuna mwingine aliyechora visanduku nadhifu namna ile. Mezani kwake asubuhi hiyo hapakuwa na kitu ila simu.

Kikaoni alianza Mama Mfumo. Alipendekeza msimamizi mmoja katikati, yaani kipande kimoja cha programu: kitufe chochote kikibonyezwa, ndicho kinachoamua. Simu ilimkatiza mara mbili. "Samahani, zahanati," alisema, akatoka kupokea. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Hata harusi ya mdogo wake aliisikilizia nje, simu sikioni.

Mgeni naye akasimama na muundo wa kwenye zile karatasi. Alitaka skrini ifungamanishwe na data: taarifa ya mgonjwa ikibadilika, skrini inabadilika yenyewe, bila kumsubiri msimamizi. Jasho lilimtiririka mgongoni na karatasi zikamganda tumboni. Mama Mfumo alikuwa amekaa mlangoni, akimkazia macho.

"Na mtandao ukikatika?"

Jibu lilikuwa ukurasa wa tatu. Akalitoa.

"Na watu wawili wakibadilisha taarifa ileile kwa pamoja?"

Ukurasa wa nne. Ameshanijua, Mgeni aliwaza, ananizungusha tu kabla ya kuniumbua. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sina swali lingine," alisema Mama Mfumo, akafunga daftari.

Bosi alipiga meza kwa furaha. "Basi tumepata! Na desturi yetu mnaijua: mwenye muundo ndiye mtunzaji. Haondoki mpaka upatikane muundo wa kuupiku wake." Mgeni akasaini haraka haraka pale alipoonyeshwa.

Walipobaki wawili, aibu ilimshinda.

"Dada, nisamehe. Zile karatasi..."

"Wala usijali, mdogo wangu." Mkoba ulikuwa tayari begani. Alimshika mkono, akamwekea ile simu ya zahanati kiganjani, nayo ikaanza kuita. "Hata mimi, miaka kumi na moja iliyopita, za kwangu niliziokota kwenye printa hiyohiyo."